Nyumba Hupimwa Siku ya Kuhama: Mwongozo wa Kuchagua Herio

Meli za kitalii zinapotia nanga Mombasa, abiria wake huwa wamelipa kwa kadiri ya kile wanachokiona wakiamka. Aliyechukua kabini ya ndani amezungukwa na kuta pande zote. Mwenye dirisha anaiona bahari kupitia kioo. Mwenye roshani anafungua mlango na kukaa nje, upepo ukimpiga usoni. Kitanda ni kile kile na safari ni ile ile, lakini bei hupanda kila ukuta unapopungua.

Huku kwetu Takaba, kaskazini mashariki mwa Kenya, hatuna bahari. Tuna jahazi la jangwani, ngamia, na jahazi hilo lina kabini yake: herio, nyumba ya fito na mikeka ambayo Wagarre na wafugaji wengine wa Mandera Magharibi huibomoa alfajiri, huipakia juu ya ngamia na kuisimamisha tena jioni mahali pengine. Wasomali wengi huiita aqal. Neno heeryo kwa Kisomali hutaja pia mikeka inayotandikwa mgongoni mwa ngamia kabla ya mzigo kuwekwa, na kuna sababu: mara nyingi kinachomkinga ngamia mchana ndicho kinachomkinga mwenye nyumba usiku.

Herio nzuri haimlazimishi mtu kuchagua kati ya kabini tatu. Mkeka ukiteremshwa, uko ndani. Ukikunjwa hadi kiunoni, una dirisha. Ukiondolewa upande mzima, una roshani na nyika yote iko mbele yako. Herio mbovu ni chumba kimoja tu, tena cha joto, mwaka mzima. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya anayetaka kuagiza herio, kununua mikeka yake, au kuitambua kazi njema anapokaribishwa ndani yake.

Bibi yangu, ambaye sisi wajukuu tulimwita ayeyo, alikuwa na kauli moja kuhusu kazi hii. Mgeni akiisifu nyumba mpya, alimjibu kwa upole, "Hiyo imesimama tu, mwanangu. Ngoja ihame." Nilichelewa kumwelewa. Sasa naona kauli hiyo imebeba nusu ya elimu yote ya herio, na kila kipimo nitakachokitaja hapa kinaelekea huko.

Anza na mifupa

Usitazame mikeka kwanza, hata ikiwa na marembo. Ingia, kaa chini, inua macho uzitazame fito. Fito za herio hutoka kwenye mizizi mirefu au matawi ya migunga na miti mingine migumu ya nyika. Hupindwa zikiwa mbichi, hufungwa, kisha huachwa zikauke katika umbo la upinde. Fundi mwenye haraka huupinda mti ulioanza kukauka, na dalili yake ni nyufa ndogo upande wa nje wa tao. Pitisha kidole hapo. Ukihisi mikwaruzo inayokwenda kwa urefu wa fito, jua kwamba itavunjika, na itavunjikia njiani.

Kisha ishike fito karibu na kilele, ivute kwako kidogo, uiachie. Njema hurudi mahali pake mara moja na kutulia. Dhaifu hubaki imelegea au hutoa mlio. Tazama pia rangi. Fito iliyokaa miaka karibu na moshi wa jiko huwa nyeusi na laini kama mpini wa jembe la zamani. Moshi ule huwafukuza wadudu wanaobungua mti, kwa hiyo usikimbilie fito nyeupe kwa kuwa zinaonekana mpya. Katika nyumba ya namna hii, uzee wa fito ni sifa.

Mwisho, tafuta msumari. Ukiuona hata mmoja, uliza ni kwa nini upo. Fito za herio hushikana kwa kamba ili ziweze kufunguliwa bila kuumizwa. Msumari huitoboa fito, na kila mara nyumba inapohama tundu lile linapanuka.

Kamba husema ukweli

Kamba bora husokotwa kwa nyuzi za ndani ya gome la mgunga. Gome huvuliwa, tabaka la nje hutupwa, na la ndani hulainishwa kwa maji au kwa kutafunwa na wanawake wenyewe hadi zibaki nyuzi. Ni kazi ya meno, viganja na paja, na ndiyo sehemu ya nyumba ambayo mpita njia haitambui thamani yake.

Chukua kipande cha kamba, ukisokotoe kinyume kwa vidole. Kama nyuzi zinaachana kwa urahisi, msokotaji alikuwa amechoka. Kama zinakataa na kurudi zilivyokuwa, hiyo ni kamba. Tazama unene wake pia: uwe sawa tangu mwanzo hadi mwisho, bila mahali pembamba penye kuonyesha kwamba nyuzi ziliisha na mpya zikaongezwa ovyo.

Kamba ya nailoni imeenea siku hizi kwa sababu inapatikana dukani na haihitaji kusokotwa. Ina nguvu, lakini inateleza kwenye fundo, inaikata mikeka inapokazwa, na jua la kwetu huifanya ikatike vipande vipande. Kamba ya gome huushika mti kwa ukwaruzi wake. Ikibidi kutumia nailoni, itumie kufungia mzigo, na mifupa uiachie gome.

Mkeka una nyuso mbili

Sasa ndipo ufike kwenye mikeka, na hapa usiwe na haraka. Mkeka wa kufunikia herio umesukwa kwa nyuzi za gome kiasi cha kuwa na nyuso mbili zisizofanana. Wa ndani ni laini na mara nyingine una mapambo. Wa nje una manyoya ya nyuzi zilizoachwa zikining'inia, kama kifua cha mbuzi mwenye nywele ndefu. Manyoya hayo si uzembe wa msukaji. Tone la mvua likianguka juu yake hufuata uzi hadi chini, jinsi maji yanavyoteleza juu ya paa la makuti.

Uinue mkeka mbele ya jua. Mwanga unatakiwa kupenya kama vumbi la nyota, vitone vidogo vilivyoenea sawasawa. Ukiona mistari ya mwanga, ujue msuko umelegea upande mmoja. Ukiona giza tupu, umekazwa kupita kiasi, na nyumba itakosa pumzi wakati wa Jilaal, kiangazi cha Januari hadi Machi, joto linapokaa kifuani kama mzigo.

Halafu mwaga kikombe cha maji upande wa manyoya, mkeka ukiwa umeinamishwa kama ukuta wa nyumba. Mwanzoni matone machache yatapenya. Ngoja kidogo, umwage tena. Nyuzi za gome zikilowa hunenepa na kuziba nafasi zilizokuwa kati yake. Huu ndio uhodari wa mkeka wa gome: wakati wa ukavu huacha hewa ipite, na mvua za Gu za Machi hadi Mei zikija, unajifunga wenyewe.

Malizia kwa pindo. Wasukaji wengi huanza kwa nguvu na kumaliza kwa uchovu, kwa hiyo kagua pembe ya mwisho, ile ambayo muuzaji ameikunjia chini. Pindo likiwa imara hapo, huna haja ya kuuliza juu ya katikati.

Kuhusu turubai

Ukipita pembezoni mwa miji ya Mandera, Wajir na Garissa utaona herio nyingi zimefunikwa kwa turubai, magunia na nguo kuukuu. Asiyeijua sababu asizidharau. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2023, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo. Mifugo ilikufa, familia zikasogea karibu na miji, na mwanamke asiye na ngamia wa kubeba mikeka mizito hana sababu ya kukaa miezi akiisuka. Mvua kubwa za mwisho wa 2023 zilipokuja, wengi walishukuru kuwa na turubai.

Ila turubai peke yake hufunga joto ndani na kumnyima mtu hewa. Njia ya kati ni kuweka mkeka chini na turubai juu, na kuacha nafasi ya mkono mmoja kati yake upande ambao upepo hautoki. Turubai lizuie maji, mkeka uzuie joto. Na turubai lifungwe kwa fundo linalofunguka kwa mkono mmoja, ili mvua ikikatika livuliwe mara moja.

Ndani, dirishani au roshani

Mlango huupa upepo mgongo. Ukishaupata mlango, unaweza kuchagua mahali pa kulala, na hapa ndipo tunarudi kwa yule abiria wa meli.

Sehemu ya ndani kabisa, nyuma, iliyokingwa kwa mkeka wa kugawanya chumba, ndiyo kabini ya ndani ya herio. Mgeni huiona giza akadhani ni mahali pa chini. Kwetu ni mahali pa heshima. Hapo ndipo hulala mama aliyejifungua katika siku zake 40 za mapumziko, na hapo huwekwa vyombo vya maziwa vilivyofukizwa moshi. Giza lake ni ubaridi wa mchana, na mbu wakiwa wengi baada ya mvua, moshi mdogo huwatoa upesi.

Ubavuni, mahali mkeka unapokunjwa ukafungwa nusu, ndipo dirisha. Panamfaa mzee: anawaona wanaokuja, anasikia mbuzi wakitikisika usiku, na upepo unampitia juu badala ya kumpiga kifuani. Pima hapa ubora wa kazi kwa kukunja mkeka mara kumi. Mkeka mzuri hukunjika kama nguo na kurudi bila kuacha alama ya mkunjo. Mbovu hukatika nyuzi kwenye mstari ule ule.

Mbele ya mlango, ndani ya ua wa miba, ndiyo roshani yetu. Vijana wa mifugo hulala hapo wakati wa kiangazi, mkeka mmoja chini na nyota zote juu. Hakuna kabini inayoweza kuuza mandhari hayo. Lakini roshani bila nyumba nzuri nyuma yake ni kulala nje tu. Mvua ya ghafla ikija saa nane usiku, utajua mara moja kama mlango ulijengwa na mtu aliyewaza.

Jinsi ya kuagiza

Herio ni mali ya mwanamke. Ndiye anayeijenga, anayeibomoa na anayejua hali ya kila fito. Bibi harusi hupewa mikeka iliyosukwa na mama yake, mashangazi na majirani, kwa hiyo mkeka wa zamani una mikono mingi ndani yake. Ongea na mwenye nyumba mwenyewe, na kama unanunua, malipo yafike mkononi mwake.

Agiza baada ya mvua. Miti ikiwa na utomvu gome huvuliwa kwa urahisi na mti hauumizwi sana. Wakati wa ukavu hung'ang'ania, na anayelivua kwa nguvu huuacha mgunga ukiwa na kidonda. Uliza gome linatoka wapi. Msukaji anayejiheshimu huchukua sehemu ya mti na kuuacha ukiwa hai, kwa maana mwaka kesho ataurudia. Lipa kwa kila mkeka, wala usimwekee tarehe ya karibu. Ukitaka kuona jinsi watu walio mbali wanavyoithamini kazi hii, Somali Museum of Minnesota iliyofunguliwa 2013 mjini Minneapolis imeisimamisha aqal ndani ya jumba, ili watoto waliozaliwa kwenye theluji waingie na kukaa chini.

Siku ya kuhama

Umeshapima yote hayo, lakini bado hujaijua nyumba. Omba uwepo siku inapohama.

Alfajiri mikeka inashushwa. Ngamia wa mizigo, kwa kawaida dume aliyehasiwa, anapigishwa magoti. Mikeka inatandikwa mgongoni mwake tabaka kwa tabaka. Fito zinafungwa mafungu mawili, kila ubavu fungu lake, na zile ncha zilizopinda zinainuka juu ya nundu kama mbavu. Vyombo vinaning'inizwa. Kisha, katikati ya tao lile lile lililokuwa paa jana usiku, wanawekwa mtoto mdogo, mgonjwa au mwanakondoo aliyezaliwa njiani, na mkeka mwepesi unatupwa juu yao kuwa kivuli. Wakati huo ngamia ni jahazi kweli, na nyumba imekuwa kabini inayotembea.

Sikiliza anapoinuka. Mzigo wa fito mbovu hulia na kugongana kila hatua. Mzigo mzuri unakaza kwa sauti moja tu, ile ya kamba ya gome ikishika, kisha kimya. Tembea nao hadi jioni.

Mizigo ikishushwa, usitazame nyumba inayosimamishwa. Mfuate ngamia, mpapase mgongo na mbavu. Kama kuna malengelenge, mahali palipochubuka au nywele zilizong'oka, mkeka ule haukufaa, hata kama ulikuwa na mapambo ya kupendeza kuliko yote Takaba. Kama ngozi ni nzima na ngamia anacheua kwa utulivu, rudi kwa mwenye nyumba umpe mkono. Ayeyo hakuwahi kumsifu fundi yeyote kabla ya kwenda kumwona ngamia.