Mgema, Ribena na Ulimi Wangu Mwongo

Uongo wangu wa kwanza kuhusu divai niliusemea kwenye zulia la rafiki yangu, South B, Jumamosi moja jioni. Tulikuwa watu sita. Kila mtu alikuja na chupa yake, imevishwa soksi ili lebo isionekane, na sheria ya nyumba ilikuwa fupi: nusa, onja, sema. Zamu yangu ilipofika nilizungusha glasi kama nilivyoona wengine wakifanya, nikaingiza pua, kisha nikatamka kwa sauti ya mtu anayejua: "Blackcurrant."

Watu wakatikisa vichwa. Mmoja hata akaandika. Hakuna aliyeniuliza hiyo blackcurrant niliila wapi, na ni heri, kwa sababu sijawahi kuiona tunda lake hata kwa macho. Ninachojua mimi ni Ribena, ile ya utotoni ya kuchanganywa na maji, ambayo mama aliificha juu ya kabati mpaka wageni waje. Kwenye ile glasi nilinusa Ribena. Tena chini yake nilinusa kitu kingine, kama katoni iliyonyeshewa na mvua. Lakini manze, utasema vipi "Ribena na katoni" mbele ya watu wazima waliotoa pesa zao?

Nusu yetu ni watu wa vitabu, kwa hivyo kila tukikutana huwa tumesoma kitu. Mwezi ule tulikuwa tumesoma hadithi fupi ya Roald Dahl iitwayo "Taste", iliyotoka kwenye jarida la The New Yorker mwaka 1951. Tajiri mmoja wa London anamwalika mlo wa jioni mjuzi wa divai anayeitwa Richard Pratt. Wanawekeana dau: Pratt akiitambua divai bila kuiona lebo, atapewa binti wa mwenye nyumba amuoe; akishindwa, atatoa nyumba zake mbili. Pratt anakunywa, anafumba macho, anapunguza eneo hadi wilaya, wilaya hadi kijiji, kijiji hadi shamba. Anataja jina na mwaka, na anapatia. Halafu mtumishi wa nyumba, mama mzee, anaingia na miwani ya Pratt. Ameikuta kule chumbani ilikowekwa chupa.

Kwenye kikao chetu tulijadili hadithi hii kama hadithi ya mlaghai. Nilipoisoma tena nikiwa peke yangu, niliona mambo mawili tuliyoyapita mbio. La kwanza ni kwamba hotuba ya Pratt ni tamu kweli. Msomaji anaifuata hatua kwa hatua na kuamini, kwa sababu imepangwa kama hoja, na kumbe hoja yote imeanzia kwenye lebo. La pili, na ndilo lililoniuma: mtu pekee mwenye ukweli ndani ya chumba kile ni yule ambaye hakuna aliyemuuliza chochote kuhusu divai. Mimi na Pratt tulikuwa ndugu. Yeye alichungulia lebo, mimi nilichungulia nyuso za wenzangu.

Wiki moja baadaye mwenye ile chupa aliandika kwenye grupu yetu ya WhatsApp: "Wasee, niambieni ukweli. Kuna mtu alisikia harufu ya katoni?" Tukaanza kukiri mmoja baada ya mwingine. Wote sita tuliisikia. Divai ile ilikuwa imeharibiwa na kizibo. Ni kasoro inayojulikana: kuna kemikali inayotokea kwenye gome la mti linalotengenezewa vizibo, na ikiingia kwenye divai huipa harufu ya unyevunyevu, ya katoni au ukuta ulioota ukungu. Chupa kama hiyo unaweza kuirudisha dukani na kuomba nyingine. Sisi tuliisifu, tukaimaliza, tukampongeza dada wa watu kwa chaguo zuri. Alikuwa ameinunua kwa pesa za wiki nzima ya matatu, yeye akatembea.

Sitaki kulaumu ufundi wa kuonja divai. Watu wengi hucheka lile gurudumu la harufu, ule mchoro wa duara uliojaa majina ya matunda na maua, wakidhani ni madoido ya watu wenye nazo. Lilitungwa na mwanasayansi Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis, mwaka 1984, na nia yake ilikuwa kinyume kabisa cha madoido. Alitaka watu waache maneno ya hewani kama "ya kiungwana" na "yenye haiba", watumie maneno ambayo mwingine anaweza kuyakagua. Ukisema divai inanuka pilipili, chukua divai ya kawaida, tia pilipili ndani, nusa zote mbili, kisha tuongee. Ni somo la adabu ya lugha. Kosa letu ni kwamba tuliyabeba majina ya Davis na kuyaacha matunda. Tukabaki na kamusi isiyo na kitu ndani yake.

Na ulimi peke yake hauaminiki, hilo lijulikane. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi 54 wa elimu ya divai kule Bordeaux. Walichukua divai nyeupe wakaitia rangi nyekundu isiyo na harufu. Wanafunzi waliielezea kwa maneno ya divai nyekundu. Macho yalikuwa yameshaamua, pua ikafuata nyuma. Kama waliosomea wanapotoshwa na rangi, je, mimi wa South B na soksi yangu?

Mwezi uliofuata rafiki yetu wa Kilifi alikuja na mjomba wake, mzee aliyefika Nairobi kwa harusi ya ukoo. Maisha yake yote ya ujana alikuwa mgema. Tulimwamkia, tukampa kiti kimoja kizuri kilichokuwepo, kisha, naona aibu kusema, tukamsahau. Kulikuwa na divai nyekundu ya Dodoma, ambako mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na Pinotage ya Afrika Kusini, mbegu iliyozalishwa kule Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsaut. Maneno yakaanza kuruka. Plamu. Mwerezi. Mimi, kama kawaida, nikachangia blackberry.

Mpwa wake ndiye aliyemuuliza. "Na wewe Mjomba, unaionaje?"

Mzee akaionja ile Pinotage, akanyamaza kidogo. "Hii inakamata."

"Inakamata wapi?"

"Hapa." Akagusa ufizi. "Ina ukakasi. Kama bibo ambalo halijaiva."

Ukakasi. Mimi nilikuwa nikitafuta neno hilo kwa miezi, nikisema "tannins" kwa Kiingereza kila mara na kuona nimefika. Tanini hutoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, na kwenye mapipa ya mbao. Hushikana na protini za mate, ndipo mdomo unakauka na kukwaruza. Mtu wa Pwani aliyeng'ata bibo anaijua hali hiyo tangu utotoni. Dada wa Nyeri akasema, "Aa, ndizi mbichi!" Sote tukaonja tena, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze kikao chetu, watu sita walikuwa wanazungumzia kitu kimoja kilichomo mdomoni.

Mjomba alikuwa ameleta mnazi ndani ya chupa ya plastiki, kifuniko kimelegezwa ili gesi isiipasue. Uligemwa jioni ya jana yake, ukasafiri kwa basi la usiku. Alionja, akakunja uso. "Huu umeshakufa. Mngeunywa jana." Akatueleza jinsi unavyopanda mnazi asubuhi na jioni, unachonga ncha ya kole kwa kotama, kijisehemu chembamba tu ili kidonda kisifunge. Utomvu huanza kuchachuka palepale chomboni. Kwa saa chache ni mtamu, baadaye ni mkali, na kesho yake uko njiani kuwa siki. Mzee huyu anaweza kukuambia saa za mnazi kwa kuuonja. Hapo nikamtupia ile methali ya shuleni, nikidhani ninamtania: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Hakucheka. "Mgema hatii maji kwa sababu amesifiwa," alisema. "Hutia kwa sababu ameona mnaomsifu hamjui kuonja."

Shuleni methali hii ilitufundisha kwamba sifa huharibu anayesifiwa. Yule mzee aliigeuzia kwetu, tunaosifu. Ndiyo methali yetu ya uhakiki, na inadai mambo mawili: awepo mtu anayeweza kusikia maji ndani ya tembo, na mtu huyo afungue mdomo. Nikaikumbuka ile chupa ya katoni. Nikakumbuka pia vitabu nilivyowahi kuvisifu hapa mtandaoni, riwaya ambazo katikati zilinichosha nami nikaandika kwamba zimenigusa sana, kwa sababu mwandishi ni mtu wetu na uzinduzi ulikuwa na samosa.

Kiswahili nacho hakitatuokoa chenyewe. Kikao kilichofuata mmoja wetu alisema divai yake ina "ubani wa usiku wa Lamu". Tulinusa mpaka pua zikachoka, ubani hatukuuona. Tukamwambia. Alicheka, akakubali kwamba sentensi ilimvutia kuliko glasi. Maneno ya nyumbani yanaweza kudanganya vizuri kama ya Davis, tena zaidi, kwa sababu yanapewa makofi ya uzalendo.

Kwa hivyo sasa tunafanya alivyoshauri Noble. Tunanunua divai ya bei ya chini, tunaigawa kwenye vikombe, tunatia ukwaju kimoja, zambarau kingine, iliki, majani ya chai, ganda la ndizi mbichi. Tunanusa hivyo kwanza, ndipo tunafungua chupa zenye soksi. Asiyesikia kitu anaruhusiwa kusema "sijui", na neno hilo limetupunguzia nusu ya hotuba. Mwezi uliopita nilileta chupa moja mimi mwenyewe, nikaionja, nikasema Ribena. Dada wa ile chupa ya katoni akanusa yake taratibu, akanitazama.

"Ni Ribena," akasema. "Lakini imezidishwa maji."