Namna ya Kuipima Ngoma ya Kisukuma

Ngoma ipimwe kwa kazi itakayoifanya mbele ya watu, na kazi hiyo huanzia mahali ambapo wanunuzi wengi hawatazami: ndani ya gogo. Bugarama, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, hakuna anayelipia dhahabu kabla haijapimwa. Ngoma nayo isilipiwe kwa rangi ya nje. Gonga ubavu wake kwa kifundo cha kidole, juu hadi chini, ukiuzunguka. Mlio ukibadilika ghafla, fundi amekomba upande mmoja kuliko mwingine, na hapo ndipo ufa hupenda kuanzia. Kisha kagua ngozi. Iwe imeparwa sawasawa, na mstari wa uti wa mgongo wa ng'ombe upite katikati ya uso, ili pande zote mbili zivutane kwa nguvu moja. Ukikaa pembeni, upande mmoja hulegea mapema. Tazama vigingi pia: tundu lililoanza kuchanika halitangoja msimu wa pili. Na ukikabidhiwa ngoma iliyotoka kupashwa moto, iache ipoe ndipo uipige, usikie mlio wake halisi.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba thamani ya ngoma ni heshima yake, si ufundi. Ni kweli, ngoma ilikuwa alama ya utemi, na zile za watemi zilizohifadhiwa katika makumbusho ya Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, bado zinaheshimiwa ingawa utemi ulifutwa mwaka 1963. Lakini Wasukuma wenyewe hawakuacha sauti nyuma. Bagika na Bagalu, jumuiya mbili za wacheza ngoma, wanaposhindana baada ya mavuno, mshindi ni anayevuta watu wengi upande wake, na ngoma isiyosikika mbali haimvuti mtu. Katika bugobogobo, ngoma ya kulimia, mapigo ndiyo yanayoongoza majembe. Yakififia, safu nzima inayumba.

Wengine huona ngoma haina nafasi ibadani. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliona vingine: Bujora alijenga kanisa la duara kwa mfano wa nyumba ya Msukuma, na hadi leo sikukuu ya Ekaristi huko huendana na ngoma za tamasha la Bulabo. Ngoma inayopigwa mbele ya altare inastahili ukaguzi mkali zaidi, kwa kuwa mapambo hayafuniki mlio mbovu.

Basi kanisa au kikundi kikienda kununua, kimpeleke mpigaji mzoefu, na kimlipe vizuri fundi anayeuacha mti ukauke taratibu kivulini.