Ufundi wa Deki

Katika nyumba nyingi za kupanga za Dar es Salaam, sakafu ya saruji ni ya mwenye nyumba, ila kapeti la plastiki lililotandikwa juu yake ni la mpangaji. Kalinunua kwa mita Kariakoo, likakatwa mbele ya macho yake, akalileta nyumbani limeviringishwa, begani au juu ya bodaboda. Siku ya kuhama ataling'oa aende nalo. Chumba si chake, ukuta si wake, lakini anapokanyaga ni pake. Basi anayepiga deki pale analinda mali ya watu.

Ninausifu ufundi huo kwa sababu ni ufundi wa kiasi. Sakafu ya saruji tumeizoea: maji ndoo nzima, sabuni ya unga konzi mbili, ufagio mgumu, na maji yote yanasukumwa hadi uani. Anayefanya hivyo huonekana mchapakazi, na saruji humvumilia. Kapeti la plastiki halimvumilii. Lenyewe hutaka mkono mwepesi, na wepesi huo ndio mgumu kujifunza.

Sababu imo kwenye maumbile yake. Malighafi yake ni PVC, plastiki ambayo Mjerumani Eugen Baumann aliiona maabara mwaka 1872, ikiwa kitu kikavu kisicho na kazi. Mwaka 1926 Mmarekani Waldo Semon, akitafuta gundi ya kushikanisha mpira na chuma, akapata namna ya kuilainisha, na mwaka 1933 sakafu za aina hiyo zikaonyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya Chicago. Kapeti la leo lina matabaka: chini povu au kitambaa, katikati picha iliyochapwa, juu utando mwangavu. Yale maua, zile mbao, ile marumaru ya kuigiza, vyote ni picha. Kinachokanyagwa ni utando, na kwenye makapeti ya bei nafuu haufiki hata nusu milimita. Ukishalika, picha hufuata, na hakuna sabuni itakayoirudisha.

Adui wa kwanza wa utando huo ni mchanga. Chembe ya mchanga ni ngumu kuliko plastiki. Ikikokotwa chini ya soli hukwangua kama msasa. Kwa hiyo deki huanzia mlangoni, ndoo ikiwa bado tupu. Mila yetu ya kuvua viatu baada ya hodi na karibu imeshafanya nusu ya kazi, na zulia la makumbi ya nazi nje ya kizingiti linaongezea. Kinachobaki ni cha ufagio laini wa ndani. Ule wa chelewa kazi yake ni uwanja. Anayelowanisha sakafu kabla ya kufagia anatengeneza tope, kisha analisugua.

Sasa mtazame anayeijua kazi. Ana ndoo mbili. Moja ina maji yenye sabuni ya maji kidogo tu, kipimo cha kifuniko cha chupa; nyingine ina maji matupu. Tambara lake ni fulana kuukuu ya pamba. Analichovya, analikamua kwa mikono miwili mpaka linaacha kudondoka, kisha analikamua tena. Anaanzia pembe ya mbali, chini ya kitanda, ameinama toka kiunoni na magoti yamenyooka, mkono unakwenda kushoto na kulia, naye anarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Akimaliza kipande analigeuza tambara upande wa pili. Nao ukichafuka, analisuuza. Maji yakibadilika rangi anayamwaga, hasubiri yamalize chumba. Kisha anarudia kwa maji matupu, na mwisho kwa kitambaa kikavu.

Sabuni ndiyo inayowadanganya wengi. Ikizidi haiondoki yote. Inabaki juu, inanata, vumbi la jioni linaganda hapo hapo, na kesho yake kapeti linaonekana chafu kuliko lilivyokuwa. Mtu akiuona uchafu ule anazidisha sabuni, na vumbi nalo linazidi kuganda. Dawa ni maji ya kusuuza, na hakimu ni mguu mtupu: ukinata, sabuni imebaki, ukiteleza, maji hayajafutwa.

Maji nayo hayaaminiki. Hupenya kwenye maungio na kwenye kingo, na yakishafika chini yamenaswa, maana plastiki haipitishi hewa. Msimu wa masika, saruji iliyomwagwa bila nailoni chini yake hupandisha unyevu wake yenyewe. Ndipo chumba kinaponuka uvundo ilhali juu kunameremeta. Mtu makini husubiri siku ya jua, akafungua madirisha, akainua pembe za kapeti, akafuta ukungu na kuiacha saruji ikauke sawasawa kabla ya kulirudisha.

Yaliyobaki ni mambo ya kujinyima. Jiki kali hupausha picha, na ikikutana na dawa ya choo yenye asidi hutoa hewa ya sumu, basi visichanganywe kamwe. Mafuta ya taa na petroli huishambulia plastiki. Kijizulia chenye mpira chini yake huacha doa la manjano lisilotoka, kwa kuwa kemikali za mpira huhamia kwenye kapeti. Afadhali cha kitambaa au mkeka. Kochi huinuliwa, halikokotwi, na miguu yake huvishwa kitambaa kinene. Nta ya kopo tuliyong'arishia sakafu nyekundu iachiwe saruji. Jiko la mkaa libaki nje, kwani cheche moja yatosha kutoboa tundu. Na siku ya kuhama, kapeti huviringishwa. Ukilikunja, mkunjo ule ule utageuka ufa.

Kazi hii haina cheti, na mara nyingi hufanywa na dada wa kazi ambaye siku ya kupatana mshahara hakuna aliyetaja neno ufundi. Lakini chukua nyumba mbili zilizonunua kapeti la aina moja, duka moja. Ya kwanza italitupa baada ya masika machache. Ya pili itahama nalo, litandikwe chumba kingine maua yake yakiwa mazima. Pesa iliyookolewa pale imetoka mkononi mwa mpiga deki. Wageni waache wasifu mng'aro. Mwenye kapeti yeye na ahesabu miaka ambayo hakulazimika kurudi Kariakoo, kisha mshahara ufanane na hesabu hiyo.