Mwalimu wa Kiswahili naye aingie maabara ya tarakilishi

Majuzi nilialikwa katika shule moja ya sekondari msingi niwape wanachama wa chama cha tarakilishi istilahi za Kiswahili. Wanafunzi hao walikuwa wameanza kufunzwa mfumo wa Linux na jinsi ya kuutumia kwa mstari wa amri, yaani kuiandikia mashine maagizo badala ya kubofya picha kwa kipanya. Nilikwenda na orodha yangu: tarakilishi, mfumo wa uendeshaji, mstari wa amri, kabrasha. Nikaisoma, nikapigiwa makofi, nikaketi. Hapo msichana mmoja wa Gredi ya 8 akainua mkono: "Mwalimu, na huo mfumo wa uendeshaji unaendesha nini?"

Nilibabaika. Nilikuwa nimembebea neno, sikumbebea maana.

Kabla sijajikusanya, kijana mmoja nyuma akapiga yowe. Alikuwa akisafisha kabrasha la mradi wa kikundi chao. Alitaka kufuta faili za majaribio tu, zile ambazo majina yake huishia kwa .txt. Amri sahihi ilikuwa ubaoni: rm *.txt. Yeye akaandika rm * .txt. Tofauti ni nafasi moja tu. Kinyota humaanisha "chochote". Kikishikana na .txt, maana huwa "chochote kinachoishia kwa .txt". Kikiachwa peke yake, maana huwa "kila faili iliyo hapa". Mashine ilitii. Ikafuta kazi ya wiki tatu, kisha ndipo ikalalamika kwamba haioni faili iitwayo .txt. Na amri ya rm haipeleki kitu kwenye pipa la taka ambako mtu angeweza kukiokota.

"Si nilikwambia ukariri vile iko ubaoni?" mwalimu wake akafoka.

Naam, kukariri. Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu na jinsi tunavyowaingiza watoto katika elimu hii. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nchini, KICD, iliidhinisha silabasi ya kufunza uandishi wa programu katika shule za msingi na za sekondari. Ni hatua njema. Lakini silabasi ni karatasi. Darasani mtoto bado anapewa fasili aimeze na amri aziige kama mganga anavyoiga maneno ya uganguzi asiyoyaelewa. Siku herufi moja inapopotoka, hajui kilichoharibika wala pa kuanzia kukitengeneza. Anachojifunza ni kuiogopa mashine.

Kwa mwalimu wa Kiswahili, kosa la kijana yule si geni hata kidogo. Kila wiki tunasahihisha "kwasababu" badala ya "kwa sababu", na "ana soma" badala ya "anasoma". Tunachora mstari mwekundu, mwanafunzi anapoteza nusu alama, mambo yanaisha hapo. Kwenye mstari wa amri, nafasi ndiyo mpaka kati ya neno na neno, na mashine haijui kukisia alichokusudia mwandishi. Herufi kubwa nazo ni hivyo hivyo: katika Linux, Insha na insha ni faili mbili tofauti. Mwanafunzi akitaja faili yake iitwayo insha yangu bila kuifunga kwa alama za mtajo, mashine itadhani ametaja faili mbili, moja insha na nyingine yangu. Haya ni masuala ya tahajia na uakifishaji. Nani anayeyafundisha shuleni kama si sisi?

Isitoshe, amri ina sarufi yake. Chukua mfano wa cp -r picha akiba. Kwanza pana kitenzi, cp, yaani nakili. Kinafuata -r, kinachofanya kazi kama ya kielezi: "pamoja na vyote vilivyomo ndani". Kisha pana shamirisho, picha, ndicho kinachonakiliwa. Mwisho ni akiba, mahali kinakopelekwa. Kitenzi hakina kiambishi cha nafsi, sawa na tunavyosema "Soma!" au "Futa!" Wala hapana "tafadhali" au "naomba". Mwanafunzi aliyefunzwa kuchanganua sentensi ana zana za kuichanganua amri hii kabla hajabonyeza chochote.

Hata kimya cha mashine kinahitaji kufasiriwa. Wanafunzi wale waliandika mkdir ili kuunda kabrasha jipya, na skrini haikusema lolote. "Hii kitu imekataa," wakanung'unika, wakarudia. Mara ya pili mashine ikawajibu kwamba kabrasha hilo lipo tayari. Kumbe kimya kile cha kwanza kilikuwa kibali! Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba aghalabu mfumo huu husema tu pakiwa na tatizo.

Lawama hii haimwendei mwalimu wa tarakilishi peke yake. Sisi wa Kiswahili tumetumia miaka mingi tukibishana iwapo tuseme tarakilishi, ngamizi au kompyuta, na kama kipanya kiitwe puku. Mwaka 2004 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishatoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi inayozungumza Kiswahili. Ina maana kwamba maneno hayakuwa yametuishia. Kilichotushinda ni kuyashusha kutoka kwenye kamusi hadi kwenye dawati la mtoto.

Wapo watakaosema kwamba amri zenyewe ni za Kiingereza, na mtihani pia. Lakini ls na rm ni vifupisho ambavyo hata mtoto wa Uingereza hana budi kuelezwa. Anayeelewa kwa lugha aliyoizoea atajibu mtihani kwa lugha yoyote. Wengine watauliza mstari wa amri ni wa nini katika zama za simu za kupapasa. Simu nyingi mifukoni mwetu zinatumia Android, na kiini cha Android ni Linux. Atakayetaka kuzitengeneza, si kuzinunua tu, atakutana na amri hizi.

Nililazimika kumrudia msichana yule. Nikamwomba afikirie bomba moja la maji na mitungi mingi. Asipokuwapo wa kupanga foleni, watu watapigana na maji yatamwagika. Ndani ya tarakilishi, programu zote zinataka kichakataji, kumbukumbu na diski kwa wakati mmoja. Anayepanga foleni ndiye mfumo wa uendeshaji. Kisha nikamwambia afikirie yai. Kiini ndicho kinachoifanya kazi hiyo ya kugawa. Ganda ni sehemu unayoigusa wewe, inayopokea amri yako na kuipeleka ndani. "Kwa hivyo mimi naongea na ganda, halafu ganda linaongea na kiini?" akauliza. Nikamjibu ndivyo hasa. Maneno kiini na ganda hayakuwa kwenye orodha yangu, ilhali ndiyo aliyoyaelewa bila kufafanuliwa mara mbili.

Pendekezo langu ni dogo. Kabla chama cha tarakilishi hakijafunzwa amri ya kwanza, mwalimu wa Kiswahili apewe kipindi kimoja tu pamoja na mwalimu wa tarakilishi, waichanganue amri ubaoni kama sentensi. Kijana aliyepoteza mradi tulimfunza jambo moja kabla sijaondoka: ukitaka kufuta, anza na ls *.txt ili uone kitakachoguswa, ndipo uandike rm. Aliandika, akaisoma amri yake kwa sauti, neno kwa neno, kidole kikifuata kila nafasi kwenye skrini.