Mi, la, re, so, do: kinubi cha Kapkatet mbele ya piano ya jazi
Hapa Nakuru nimesikia zaidi ya mara moja wimbo mzuri wa Kikalenjin ukiharibika pale kinanda kinapoingia. Mwimbaji yuko sawa, dramu ziko sawa, kisha mpiga kinanda anashusha kodi (chords) zake tatu za kanisani na wimbo unahama kwao. Sababu yake inahesabika kwa vidole, na rekodi inayoifundisha vizuri kuliko zote ilinaswa mwaka 1950 Kapkatet, ng'ambo ya Kericho.

Mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi hapo Chemutoibin Ketienya na wasichana wa Kipsigis, mojawapo ya jamii za Wakalenjin, wakiimba Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, nyota wa kantri wa Marekani aliyefariki 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika vijijini. Jimmie akawa Chemi. Na kwa kuwa majina mengi ya kike huko huanza na Che-, kama Cherono na Chelangat, mgeni akapata jina la kienyeji kabisa.

Sikiliza walichokikataa. Rodgers alisifika kwa kuirusha sauti ghafla kutoka kifuani hadi kichwani, gitaa lake likizunguka kodi tatu. Wasichana hawakuchukua hata kimoja. Walimchukua mtu mwenyewe, wakamweka juu ya chepkong, kinubi chao, chenye mzunguko mfupi unaorudi palepale bila haraka.

Basi tuhesabu. Muziki wa Kipsigis husimama zaidi juu ya sauti tano. Tuziite do, re, mi, so, la. Kodi ya kwanza ya kanisani, do-mi-so, haina tatizo. Ya pili, fa-la-do, inaleta fa. Ya tatu, so-ti-re, inaleta ti. Fa na ti ndizo zinazolivuta sikio lirudi do, na wimbo ambao haukuwa na haja ya kurudi popote sasa unasukumwa mlangoni.

Dawa ipo, na inanifurahisha kila ninapoijaribu. Zipange sauti zilezile tano kwa kuruka nne nne, ukihesabu fa na ti njiani: mi, la, re, so, do. Zote zimo, hakuna ya kuazima. Mpiga piano wa jazi McCoy Tyner alijenga piano yake kwa mirundo ya namna hii alipokuwa na mpiga saksofoni John Coltrane miaka ya 1960. Mpiga gitaa hahitaji hata kukunja kidole: nyuzi zake nne nene zikiachwa wazi, kwenye ufunguo wa C, ni mi, la, re, so.

Kinubi nacho hukazwa kwa sikio la mpigaji, na mara nyingi hakilingani na kinanda cha dukani. Kikipigwa pamoja na bendi ya jazi, gitaa na besi zikazwe kukifuata. Kinanda kisubiri mapengo.

Tarumbeta ndiyo kazi ngumu. Julai 1930 Rodgers alirekodi Blue Yodel No. 9 na mpiga tarumbeta Louis Armstrong, Lil Hardin akiwa kwenye piano, na Armstrong anamjibu kila anapomaliza mstari. Kwenye Chemirocha nafasi hiyo ina wenyewe: kina dada waitikiaji. Ningemwambia mpiga tarumbeta aache duru nzima zipite, aingie wanapovuta pumzi, kwa noti moja, la, na kizibo mdomoni mwa tarumbeta.