Uso wa Julia Domna katika Fedha

Dinari ya Kirumi ni sarafu ndogo ya fedha, upana wake yapata milimita 18 au 19, wala haimpi mchongaji nafasi ya kusema mengi. Hata hivyo, waliochonga uso wa Julia Domna, mke wa Kaisari Septimius Severus, waliijua kazi yao. Tazama nywele zake: zashuka kwa mawimbi hata shingoni, kisha zimekunjwa kisogoni kuwa fundo kubwa. Jicho latazama mbele kwa utulivu wa mtu aliyezoea kutazamwa. Kwa ufundi, sina la kulaumu.

La kulaumu limo katika maneno. Severus alikufa mwezi wa Februari mwaka 211 baada ya Kristo, akawaachia wanawe wawili, Caracalla na Geta, watawale pamoja. Mwezi wa Desemba Geta aliuawa kwa hila ya nduguye, hali amekimbilia kifuani mwa mama yao. Cassius Dio, mwandishi wa tarehe aliyeishi zama zile zile, asimulia kwamba mama alienea damu, akajeruhiwa mkono, wala hakupewa ruhusa ya kumlilia mwanawe. Sanamu za Geta zikafutwa. Hata sarafu zake, asema Dio, ziliyeyushwa.

Basi twaa dinari ya Julia iliyopigwa baada ya siku zile. Kukizunguka kichwa chake pameandikwa IVLIA PIA FELIX AVG (Warumi waliandika U kama V), yaani Julia Mcha Mungu, Mwenye Heri, Augusta. Mwenye heri!

Mtu atasema kuwa hizo ni sifa za desturi tu, kama vile tumwitavyo kila mkubwa “Mheshimiwa” pasipo kuipima heshima yake. Nakubali nusu. Lakini sarafu ilifika sokoni na kambini, kwa watu ambao hawakusoma kitabu cha Dio maisha yao yote, na yale ndiyo waliyoambiwa. Hata fedha yenyewe haikuwa kweli tupu: Severus alikwisha kuichanganya na shaba hata fedha safi ikabaki kadiri ya nusu.

Mchongaji, lakini, hakutia tabasamu. Pengine ilikuwa kawaida ya kazi tu. Nami nikiitazama sarafu ile, naisadiki midomo iliyofumbwa kuliko herufi zinazoizunguka.