Kabla ya Bisibisi

Kompyuta inayogoma baada ya kuwekewa diski mpya hugoma kwa namna nyingi, na fundi anayejua kazi yake hutaka kwanza kujua ni mgomo wa aina gani. Feni inazunguka lakini skrini ni giza tupu? Nembo ya kampuni inatokea kisha inaganda hapo hapo? Ama kuna maandishi meupe yanayosema hakuna diski ya kuanzia? Mteja husema "haiwaki" basi, na ndani ya neno hilo magonjwa matatu yasiyohusiana yamelala pamoja.

Makutano, mjini Meru, kazi hii hufanywa katika vyumba vidogo ambamo pia watu hutoa fotokopi na kutengeneza simu. Wateja hawakosekani. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru huteremka kutoka Nchiru, wenzao wa chuo kikuu cha KeMU hutoka Kaaga, walimu huja kutoka Maua na Nkubu, na wengi wao wamebeba mashine za mtumba, zile tunazoziita "ex-UK", zilizotumikia ofisi za Ulaya miaka kadhaa kabla ya kupakiwa melini. Diski zao za kuzunguka zimechoka. Mashine inachukua muda wa kupika chai kabla haijafungua faili moja. SSD, diski isiyozunguka, huifufua. Ndiyo maana kila mtu anaitaka, na ndiyo maana wengi huifunga wenyewe nyumbani, kisha asubuhi wako Makutano.

Fundi ninayemsifu hapa haugusi mfuniko wa mashine mpaka amalize maswali. Nilimwona akimhudumia mwalimu mmoja aliyeleta kompyuta ya mezani.

"Mwalimu, hii mara ya mwisho kuwaka vizuri ilikuwa lini?"

"Jana mchana. Na SSD yenyewe nimeitumia wiki mbili, haina neno."

"Na jana mchana ikafanyiwa nini?"

"Hakuna. Niliitoa tu ile diski ya zamani nimpe mtoto."

"Mwalimu umeifomati?"

"Bado. Iko hapa kwa mkoba."

"Basi tuko salama."

Hapo bisibisi ilikuwa bado mezani, na ugonjwa ulikuwa umeshajulikana kwa sehemu kubwa. Yaliyofuata yalikuwa ya kuthibitisha. Aliiwasha mashine, akaingia kwenye mipangilio ya BIOS, akatafuta mambo mawili tu. La kwanza: je, diski inaonekana? Ilionekana, jina la mtengenezaji na ukubwa wake kamili, kwa hiyo waya wa data na waya wa umeme hazina kosa. La pili: je, katika orodha ya vitu vya kuanzia, jina la kianzishi cha Windows limo? Halikuwemo. Diski ipo, kianzishi hakipo. Mtu mwingine angeanza kubadilisha nyaya wakati huo, na angezibadilisha mpaka jioni.

Sababu yake ni tabia ya Windows yenyewe. Mwalimu alipoiweka kwenye SSD, diski ya zamani ilikuwa bado imechomekwa. Programu ya usakinishaji ilikuta kwenye diski hiyo ya zamani sehemu ndogo ya UEFI (mrithi wa BIOS), ile ya mfumo wa FAT32 inayohifadhi faili za kuanzishia, ikaona hakuna haja ya kutengeneza nyingine. Mfumo wote ukakaa kwenye SSD, faili za kuanzishia zikabaki kule. Kwa wiki mbili nyumba ilikuwa kiwanja kimoja na mlango wake kiwanja cha jirani, na hakuna aliyegundua mpaka jirani alipohama.

Dawa rahisi ilikuwa kuirudisha diski ya zamani na kumwambia mwalimu asiitoe tena. Dawa inayopendwa zaidi mjini ni kupiga Windows upya: inalipwa vizuri, haihitaji kufikiri, na inamaliza kila kitu, pamoja na alama za wanafunzi na mitihani ya muhula. Nina ugomvi wa siku nyingi na dawa hiyo. Kuna wakati inafaa, mfumo wenyewe ukiwa umeoza kweli. Lakini kumfutia mtu kazi yake ya miaka mitatu kwa sababu faili chache hazimo mahali pake ni uvivu, hata kama risiti yake imeandikwa "service".

Fundi wetu alichomeka flashi yenye programu ya kusakinisha Windows, akaiacha ifike kwenye ukurasa wa kwanza, akabonyeza Shift na F10. Likafunguka dirisha jeusi la kuandikia amri. Akaita diskpart, akaomba orodha ya diski. Hapa ndipo nilipomtazama kwa makini zaidi, kwa sababu programu hiyo haina huruma: ukichagua diski kisha ukaandika "clean", haikuulizi kama una hakika. Inafuta orodha ya sehemu zote papo hapo. Yeye alisoma ukubwa wa kila diski kwa sauti, akaweka kidole kwenye skrini chini ya nambari ya ile aliyoitaka, na kidole kile hakikuondoka mpaka amri ya kuichagua ilipokubaliwa. Kisha akatazama safu ya mwisho ya orodha, ambako kinyota kidogo huonyesha kwamba diski imegawanywa kwa mtindo wa GPT. Kilikuwepo. Kingekosekana, njia nzima ingebadilika.

Kinyota hicho kina historia ndefu. IBM ilipotoa kompyuta yake ya XT mwaka 1983, diski iligawanywa kwa mtindo wa MBR: sekta moja ya baiti 512 mwanzoni mwa diski, ikibeba programu fupi ya kuanzishia, jedwali la sehemu nne, na baiti mbili za mwisho, 55 na AA, zinazoiambia mashine kwamba sekta hiyo ni halali. Mtindo huo hauwezi kuhesabu zaidi ya terabaiti 2 hivi. UEFI, iliyotokana na kazi ya Intel na kukabidhiwa muungano wa kampuni mwaka 2005, ilikuja na GPT. Mashine nyingi za mtumba zinaelewa mitindo yote miwili, na hapo ndipo taabu ilipo: diski iliyoandaliwa kwa mmoja huwekwa kwenye mashine iliyopangiwa mwingine, zikatazamana kama wasiojuana.

Alipunguza sehemu kubwa ya SSD kwa megabaiti 200, akatengeneza kwenye nafasi hiyo sehemu mpya ya kuanzishia, akaifomati kwa FAT32, akaipa herufi S. Kabla ya amri ya mwisho alisita. Katika dirisha lile herufi hazilingani na zile za kila siku. C inaweza kuwa kitu kingine kabisa. Akafungua herufi moja baada ya nyingine mpaka akaliona folda la Windows kwa macho yake. Lilikuwa kwenye D. Ndipo akaandika bcdboot, akaionyesha D na S, na jibu likaja chini ya sekunde tano: faili zimeundwa.

Mwalimu aliinuka. Fundi akamwomba akae kidogo. Aliizima mashine, akachomoa waya wa stima, akasubiri, akaiwasha upya bila flashi na bila diski ya zamani. Ikafika kwenye skrini ya nywila. Akairudia tena.

Si kila kisa huwa cha namna hii. Wakati mwingine diski haina hatia kabisa: mashine ya mtumba ina betri ya CR2032 iliyokufa, mwenyewe akachomoa waya ili afunge SSD, mipangilio ikarudi ya kiwandani, hali ya kidhibiti cha diski ikabadilika, na Windows ikaanguka kwa skrini ya buluu. Wakati mwingine mteja amenunua SSD ya M.2 ya aina ya NVMe kwa nafasi inayokubali SATA tu. Mapengo kwenye meno ya SSD husaidia kuitambua, moja au mawili, lakini fundi huyu hata hivyo husoma maandishi ya lebo, kwa sababu pengo halisemi kila kitu. Na kuna mashine zinazohitaji BIOS mpya. Kazi hiyo haifanywi wakati mawingu yamejaa kwenye milima ya Nyambene mwezi wa Novemba. Stima ikipotea katikati ya uandishi, madabodi inaweza kufa moja kwa moja.

Bei ilileta maneno. Mwalimu alisema, kwa heshima, kwamba hakuna kipuri kilichobadilishwa, kwa hiyo analipia nini? Fundi akamjibu kwamba akitaka kulipia kipuri anaweza kumuuzia waya wa SATA. Wakacheka wote wawili, bei ikashuka kidogo, diski ya zamani ikarudi mkobani ikiwa na kipande cha karatasi kilichobandikwa juu yake: nakili faili kwanza, kisha fomati. Kwenye benchi kulikuwa na mwanafunzi aliyeshika laptopu iliyofunguliwa tayari, skrubu zake zimefungwa kwenye tishu, na fundi alikuwa ameshaanza kumuuliza mara ya mwisho iliwaka lini.